Oppenheimer: mbele ya bombu, alihesabu mwanga ndani ya molekuli

Jina la Robert Oppenheimer likitajwa, watu wengi wanafikiria bombu ya atomiki. Huku Congo watu wanaongeza jina la pili: Shinkolobwe, ile karie ya Katanga ambamo ilitoka sehemu kubwa ya uraniumu ya Wamarekani wakati wa vita ya pili ya dunia. Lakini kuna kazi nyingine ya mtu huyu ambayo haizungumziwi sana. Mwaka wa 1927, miaka 18 mbele ya bombu, akiwa na umri wa miaka 23, aliandika pamoja na mwalimu wake namna ya kuhesabu molekuli. Kazi ile haikuua mtu. Hadi leo inatumika kila siku ndani ya ordinateri za wanasayansi wanaotafuta kujua namna jani linavyokula mwanga wa jua, namna jicho linavyoona, na namna plake ya jua inavyotoa umeme.

Haya ni maisha yake kwa kifupi, na sababu gani yanagusa inchi hii.

Mtoto aliyependa mawe

Robert Oppenheimer alizaliwa tarehe 22 Aprili 1904 mjini New York, Marekani. Baba yake, Julius, alitoka Hanau, Ujerumani, akiwa kijana asiye na mali. Alifanya biashara ya vitambaa hadi akatajirika. Mama yake, Ella, alikuwa mchoraji. Jamaa ilikuwa ya Kiyahudi, lakini haikufuata sana mambo ya dini.

Siku moja babu yake wa Ujerumani alimpa mtoto kisanduku cha mawe ya namna mbalimbali. Kuanzia hapo mtoto akashikwa na mawe. Aliyakusanya, akayapanga, akaanza kuandikia barua wataalamu wa mawe wa New York kwa kutumia mashine ya kuandikia. Wale wazee hawakujua kama anayewaandikia ni mtoto. Walimwandikisha ndani ya chama chao, kisha wakamwomba aje kutoa mafundisho. Kumbe aliyefika alikuwa mvulana wa miaka 12 hivi, na ilibidi watafute sanduku asimame juu yake ili watu wamuone.

Mwaka wa 1921, kisha kumaliza shule, alienda na wazazi wake Ulaya. Alitafuta mawe huko Joachimsthal, katika inchi iliyoitwa wakati ule Chekoslovakia. Pahali hapo palikuwa na historia kubwa: ndipo palitoka yale mawe meusi ambayo Marie Curie alitumia kuvumbua radiumu. Kijana alirudi na ugonjwa mkali wa tumbo, akakaa mwaka mzima mbele ya kuingia chuo kikuu.

Mwaka ule ule wa 1921, Wabelgiji walianza kuchimba Shinkolobwe. Jiwe la huko lilikuwa tajiri kupita yote yaliyojulikana, na kwa muda mfupi Joachimsthal ikapoteza soko. Yule kijana mgonjwa hakuweza kujua kama siku moja jiwe la Congo litamfikia yeye mwenyewe.

Mwanafunzi asiyejua kazi ya mikono

Mwaka wa 1922 Oppenheimer aliingia Chuo Kikuu cha Harvard kusoma kemia. Kwa miaka 3 tu akamaliza, na alama za juu kabisa. Kisha akaenda Cambridge, Uingereza. Huko mambo yalimwendea vibaya. Alitakiwa kufanya kazi ya maabara, kutengeneza vitu vidogo kwa mikono, na mikono yake haikuweza. Alihuzunika sana, hata marafiki wakaogopa juu ya maisha yake.

Aliyemtoa pale ni Max Born, mwalimu wa fizikia wa mji wa Göttingen, Ujerumani. Alimwalika mwaka wa 1926. Göttingen ulikuwa mji mdogo, lakini wakati ule fizikia mpya ya atomu ilikuwa inazaliwa huko. Pale hakukuwa na lazima ya mikono: karatasi, kalamu na kichwa vilitosha.

Oppenheimer alikuwa na akili nyingi na kiburi pia. Mwalimu ao mwanafunzi mwenzake akiwa anafundisha, yeye alisimama, akachukua chaki na kuanza kusahihisha. Wenzake walichoka. Waliandika barua kwa Born, wakasema kama huyu kijana hataacha, wao hawatakuja tena. Aliyeongoza jambo hilo ni Maria Goeppert, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka wa 1963, alipata Tuzo la Nobel. Born aliona haya kumkaripia mwanafunzi wake. Basi akaiacha barua ile mezani, akatoka chumbani, Oppenheimer akaisoma mwenyewe. Kuanzia siku hiyo akatulia.

Ng'ombe na nzi

Mwaka wa 1927 Born na Oppenheimer walitoa makala juu ya nadharia ya molekuli katika gazeti la sayansi la Kijerumani, Annalen der Physik. Oppenheimer alileta kurasa chache sana. Born hakuridhika, akaomba mambo yaelezwe kwa urefu. Mwishowe makala yakafika kurasa karibu 30.

Tatizo lilikuwa hili. Molekuli ni atomu zilizoshikana. Maji ni molekuli, sukari ni molekuli, rangi ya kijani ya sombe ni molekuli. Ndani ya kila molekuli kuna viini vizito, na kuzunguka viini kuna elektroni nyepesi sana. Hata kiini kidogo kuliko vyote, kile cha hidrojeni, kinazidi elektroni uzito mara 1,836. Vyote vinavutana na kusukumana kwa wakati mmoja. Kuhesabu vyote pamoja hakuwezekani, hata na mashine za leo, isipokuwa kwa molekuli ndogo kabisa.

Mtu wa Masisi anaweza kuelewa namna walivyofanya akifikiria ng'ombe malishoni na nzi wanaomzunguka. Ng'ombe ni mzito, anatembea polepole. Nzi ni wepesi. Ng'ombe akipiga hatua moja, nzi wote wamekwisha kujipanga upya mbele hajapiga hatua ya pili. Kwa hiyo, ukitaka kuhesabu, simamisha ng'ombe kwanza. Hesabu nzi peke yao. Sogeza ng'ombe kidogo, hesabu nzi tena. Ukifanya hivyo mara nyingi, unapata picha kama ramani ya vilima na mabonde. Bonde ni pahali molekuli inapenda kukaa. Kilima ni pahali inahitaji nguvu ili kupita.

Njia hiyo inaitwa hadi leo kwa majina yao wawili, Born na Oppenheimer. Mtaalamu anayetafuta dawa mpya kwa ordinateri, ao anayehesabu ugumu wa chuma, karibu kila mara anaanza kwa kusimamisha ng'ombe. Wengi hata hawafikirii tena kama kuna watu waliobuni jambo hilo.

Mwanga unapogonga

Lakini njia ile ina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana zaidi wakati mwanga unapoingia.

Molekuli ikipigwa na mwanga, elektroni zinaruka juu. Molekuli inakuwa imeamshwa. Sasa haiko tena kwenye ramani ya kwanza, iko juu ya ramani nyingine, yenye vilima vyake na mabonde yake. Mara nyingine hizo ramani mbili zinakaribiana sana, hata kugusana. Pale zinapogusana, nzi hawamfuati tena ng'ombe kwa utulivu. Ng'ombe na nzi wanastuka pamoja. Ukiendelea kuhesabu kana kwamba ng'ombe amesimama, unapata jibu la uongo.

Wakaaji wa Goma wanaweza kuona umbo la pahali hapo kwa kutazama Nyiragongo. Fikiria mlima wenye ncha kali. Juu ya ncha hiyo, simamisha kile chombo ambacho kadhafi wa barabarani wanatumia kumiminia esanse ndani ya chupa, mdomo mpana ukiangalia juu. Chombo ni ramani ya juu, mlima ni ramani ya chini. Molekuli iliyoamshwa inateleza ndani ya chombo, inapita katika ncha, inaanguka upande mmoja wa mlima. Upande itakaoangukia unaamua itakuwa kitu gani.

Mmoja wa watu walioandika mapema juu ya kugusana huko ni Edward Teller, Mhungaria aliyefanya kazi Göttingen pia, kisha akakimbia Ujerumani Hitler alipochukua utawala mwaka wa 1933. Makala yake juu ya kukutana kwa ramani za molekuli yalitoka mwaka wa 1937. Jina hilo, Teller, litarudi tena katika maisha ya Oppenheimer, na si kwa uzuri.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Ndani ya jicho la mtu kuna molekuli ndogo inayojipinda ikiguswa na mwanga. Kujipinda huko kunachukua muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na ndiyo mwanzo wa kuona. Vipande vya chembe za urithi ndani ya ngozi vinapokea mwanga mkali wa jua, kisha vinautupa haraka kama joto, mbele haujaleta hasara. Kama visingefanya vile, jua la saa sita lingeharibu miili zaidi sana. Leo wataalamu wanafuata mambo haya kwa ordinateri. Kuanzia mwaka wa 1971 kuna njia ambamo mashine inaacha molekuli iruke kutoka ramani moja hadi nyingine, inarudia mamia ya safari, kisha inahesabu ngapi zilianguka upande huu na ngapi upande ule.

Swali la majani

Mwaka wa 1929 Oppenheimer alirudi Marekani, akafundisha California, Berkeley na Pasadena. Wanafunzi walimpenda sana, wakaanza kuiga hata namna yake ya kutembea na ya kuvuta sigara. Mwaka wa 1939, pamoja na mwanafunzi wake Hartland Snyder, alionyesha namna nyota kubwa inavyoweza kujiangukia yenyewe bila kusimama.

Karibu na wakati huo, mtaalamu wa mimea William Arnold alimletea swali. Kuna miani ya rangi ya bluu na kijani inayoishi majini. Ndani yake, rangi moja ndiyo inapokea mwanga, lakini rangi nyingine, ile ya kijani ya majani, ndiyo inafanya kazi. Nguvu ya mwanga inapitaje kutoka ya kwanza hadi ya pili?

Oppenheimer aliona jibu haraka, kwa sababu alijua jambo linalofanana nalo ndani ya viini vya atomu. Molekuli iliyoamshwa haina lazima ya kutoa mwanga ili jirani yake aupokee. Inampa nguvu moja kwa moja, mkono kwa mkono, kama majirani wanavyopokezana ndoo za maji nyumba ikiungua. Mwaka wa 1941 alitoa maelezo mafupi juu ya jambo hilo. Kisha vita ikaingia. Makala kamili ya Arnold na Oppenheimer yalitoka mwaka wa 1950 tu. Katikati ya miaka hiyo, Mjerumani Theodor Förster alikuwa ameandika hesabu yote kwa ukamili, na njo maana wanasayansi wanaita jambo hilo kwa jina la Förster.

Vita ndiyo ilimtoa Oppenheimer kwenye majani.

Jiwe la Congo

Mwaka wa 1942 Jenerali Leslie Groves alimchagua aongoze maabara ya siri itakayotengeneza bombu. Mwaka wa 1943 ilifunguliwa juu ya mlima wa Los Alamos, New Mexico. Wamarekani waliogopa kwamba Wajerumani watawatangulia.

Uraniumu ilihitajika. Edgar Sengier, mkubwa wa sosiete ya Union Minière du Haut-Katanga, alikuwa amekwisha kutuma New York, mwaka wa 1940, zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe. Yalikaa ndani ya mapipa ya chuma kwenye kisiwa cha Staten Island. Tarehe 18 Septemba 1942, Koloneli Kenneth Nichols alienda kumuona Sengier ofisini kwake, na kwa muda mfupi wakapatana. Amerika ilinunua mawe yale, na mengine yaliyobaki juu ya ardhi Katanga. Karie, ambayo ilikuwa imefungwa na kujaa maji, ikafunguliwa tena. Wakongomani waliochimba na kuchambua mawe kwa mikono hawakuambiwa ni ya nini.

Los Alamos ilihitaji hesabu nyingi kuliko kitu kingine. Mwanzoni wanawake, wengi wao wake za wanasayansi, walihesabu siku nzima kwa mashine ndogo za mezani. Baadaye mashine za IBM zenye kutumia kadi zenye matundu zikaletwa. Kisha vita, kazi ya namna hiyo ilisaidia kuzaa ordinateri za kwanza za wanasayansi. Moja ilizinduliwa mwaka wa 1952 mjini Princeton, kwenye Taasisi ambayo Oppenheimer aliiongoza kuanzia mwaka wa 1947.

Tarehe 16 Julai 1945 bombu ya kwanza ilijaribiwa jangwani. Tarehe 6 Agosti bombu ya uraniumu ilitupwa Hiroshima. Tarehe 9 Agosti nyingine, ya plutoniumu, ikatupwa Nagasaki. Makumi ya maelfu ya watu walikufa siku hizo, na wengine wengi baadaye kwa sababu ya vidonda na mionzi.

Si wanasayansi wote waliokubali. James Franck, aliyekuwa mmoja wa waliomhoji Oppenheimer alipotetea shahada yake Göttingen, naye alikuwa mtaalamu wa mwanga na molekuli. Mwezi wa Juni 1945, yeye na wenzake wa Chicago waliandika kuomba bombu isitupwe juu ya watu bila kuonyeshwa kwanza pahali pasipo wakaaji. Oppenheimer alikuwa ndani ya kikundi cha wanasayansi wanne kilichojibu kwamba hakikuona njia nyingine ya kumaliza vita.

Aliyenunua jiwe alimshitaki

Kisha vita, Oppenheimer alikuwa mtu mkubwa Amerika. Lakini alikataa haraka ya kutengeneza bombu kubwa zaidi, ile ya hidrojeni. Teller ndiye aliyeitaka kupita wote. Maadui walikumbusha kwamba Oppenheimer alikuwa na marafiki na jamaa waliokuwa wakomunisti.

Mwezi wa Desemba 1953 alipewa barua ya mashtaka. Aliyeitia sahihi ni Kenneth Nichols, yule yule aliyenunua mawe ya Congo mwaka wa 1942, sasa akiwa mkurugenzi katika tume ya nguvu za atomiki. Kusikilizwa kulianza Aprili 1954. Teller alikuja kutoa ushuhuda, akasema hakumuona kuwa msaliti, ila angejisikia salama zaidi kama mambo ya inchi yangekuwa mikononi mwa wengine. Tarehe 29 Juni 1954, Oppenheimer alinyang'anywa ruhusa ya kuingia katika siri za serikali. Mwaka huo huo, mwalimu wake Max Born alipata Tuzo la Nobel.

Mwaka wa 1963, Rais Lyndon Johnson alimpa Oppenheimer tuzo la Enrico Fermi. Alikufa kwa kansa ya koo tarehe 18 Februari 1967, mjini Princeton, akiwa na miaka 62. Serikali ya Marekani ilifuta uamuzi wa 1954 mnamo Desemba 2022, miaka 55 kisha kufa kwake.

Kilichobaki

Shinkolobwe ilifungwa rasmi mbele ya uhuru. Mwaka wa 2004, serikali ya Congo ilikataza wachimbaji wa mikono kuingia huko. Vitabu vingi vya maisha ya Oppenheimer vinawapa wachimbaji wa zamani mistari michache, bila majina.

Historia inajirudia kwa namna nyingine huku mashariki. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, inatoa tantali, na tantali inaingia ndani ya vifaa vidogo vya simu na ordinateri. Mashine zinazohesabu leo namna molekuli inavyopokea mwanga zinahitaji madini ya namna hiyo. Jiwe linatoka hapa, hesabu inafanyika mbali.

Lakini maisha ya Oppenheimer yanaonyesha tofauti moja. Bombu ilihitaji tani za mawe ya Congo, pesa ya serikali kubwa na mlima mzima wa siri. Kazi ya 1927 ilihitaji karatasi, mwalimu mvumilivu, na kijana aliyekubali kuandika upya kurasa zake. Ile kazi si siri. Iko ndani ya vitabu vya fizikia na kemia, na mwanafunzi wa Goma, Bukavu ao Bunia anaweza kuifungua. Bado anahitaji umeme usiokatika, ordinateri na mwalimu. Hivyo vitatu havichimbwi karieni. Ni vya kujengwa.